Wimbo Uliofika Kabla ya Meli

Durban, 2 Machi 1999

Kaka Léo,

Salamu kutoka kwenye joto. Machi huku bado ni jasho tu, na saluni ya Mama Agathe ina dirisha moja lisilofunguka, kwa hiyo tunasuka mlango ukiwa wazi na Point Road nzima inatuangalia. Mimi ni mzima. Mkono wa kulia unaniuma kwa kusuka, lakini huo si ugonjwa, ni kazi.

Nina habari, nimezunguka nayo wiki nzima nikitafuta pa kuanzia. Nimeposwa. Na aliyeniposa unamjua. Ni Pontien, yule mpangaji wetu wa chumba cha uani kule Uvira, aliyekuwa anaimba besi kwenye kwaya ya baba.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikutaka useme nimekimbilia mtu wa kwanza niliyemwona. Nilipofika hapa kutoka Lubumbashi sikuwa na mtu. Niliingia duka la simu kuuliza bei ya kupiga Ulaya, nikasikia nyuma ya kaunta: “Wewe si binti wa Mwalimu Libère?” Alikuwa Pontien, duka ni lake. Alilia, kaka. Mwanaume mzima analia, wateja wamesimama na simu mikononi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mama Agathe nikapata kazi. Hata sanduku la posta ninalotumia ni lake, maana masanduku ya jengo letu yamevunjwa milango, na barua huchukuliwa na yeyote anayepita.

Baba na mama hawapo. Mwanaume aliyebaki ni wewe. Sitaki kuolewa kama kitu kilichookotwa. Naomba barua yako ya kusema ndiyo, isomwe kanisani mbele ya watu. Tunafikiria Juni.

Nilimsimulia kwamba siku baba na mama walipochukuliwa wewe ulikuwa Bujumbura, na kwamba hilo ndilo lililokuokoa. Alilifunga daftari la hesabu za duka. Kisha akasema, “Mungu alijua.”

Na ile kazi ya kuimba? Uliandika kwamba mnaimba soul na Wasuriname. Nawaambia wateja kaka yangu ni msanii Rotterdam, wanacheka. Nitumie kaseti niwazibe midomo.

Mdogo wako,
Deborah


Rotterdam, 15 Machi 1999
Kwa mkono wa Ladislaus

Debo,

Barua hii haiji kwa posta. Anayekupa ni Ladislaus, Mtanzania wa Tanga, anafanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo. Meli yake inapita bandari nyingine kwanza, lakini itafika Durban. Ameniapia kwamba ataiuliza saluni ya Mama Agathe Point Road mpaka aione, na kwamba atakupa wewe mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Usiolewe na Pontien.

Siku ile sikuwa Bujumbura. Nilikuwa nyumbani, juu ya dari. Baba alisikia magari asubuhi na mapema, akaniamuru nipande. Nilimwomba wapande wote, akasema mbao hazitawabeba. Kupitia matundu ya hewa chini ya bati niliuona ua, na kupitia ufa wa mbao niliiona sebule. Watu wenye bunduki walikuwa wanamtafuta mwalimu wa kwaya aliyewaficha watu kanisani. Hawakumjua kwa sura. Unakumbuka ua wetu una milango mitatu. Pontien alikuwa nje ananawa uso kwenye beseni. Wakamuuliza. Hawakumpiga, hawakumshika. Alinyoosha kidole kwenye mlango wetu, kisha akaingia nao. Baba na mama walitolewa, hawakurudi.

Nilikudanganya kuhusu Bujumbura ili usije ukaniuliza nimeona nini. Nilijiambia Pontien amekufa au yuko mbali. Kumbe yuko mtaani kwako, anakuletea barua zangu.

Kuna jambo jingine. Novemba tulirekodi. Studio ni ghala la zamani karibu na mto, baridi mpaka tunaimba na makoti. Mzee wa Suriname anapiga ogani, mpiga ngoma ametoka Curaçao, gitaa ni Mholanzi kijana anayejua nyimbo zote za soul za Marekani kuliko za kwao. Wakataka wimbo mmoja kwa lugha yangu. Nilifumba macho ukatoka huu:

Alinawa nasi, akala nasi,
wakauliza mlango,
akanyoosha kidole.

Mzee wa ogani hajui neno la Kiswahili, lakini alipiga huku shingo yake imeinama kama mtu aliye msibani, na tukaiacha rekodi ile ile ya kwanza. Jina la mtu halimo, wala la mji. Lakini wameutia kwenye CD, na CD zimepelekwa Brussels na Paris. Zikifika kwa Wakongomani zitafika kila mahali. Siku Pontien atakapousikia atajua kwamba kuna mtu aliona. Na wewe utakuwa ndani ya nyumba yake.

Namba ninayoijua Durban ni ya dukani kwake. Nilipiga jana. Akapokea mwenyewe. “Allô? Allô?” Nikakata, nikairudisha simu ya watu mahali pake.

Leo natuma pia barua kwa posta. Ile ni ya uongo, kwa sababu naamini anazifungua. Amini hii. Kuna na kaseti.

Kaka yako,
Léonard


Rotterdam, 15 Machi 1999
Kwa posta

Mdogo wangu Deborah,

Nimepokea habari zako na nimefurahi. Mtu anayetoka nyumbani ni bora kuliko mgeni. Msalimie sana shemeji.

Naomba jambo moja tu. Kwetu binti hatolewi bila ndugu yake wa kiume kuwapo. Karatasi zangu bado zinashughulikiwa huku, na wananiambia huenda zikawa tayari kabla ya Krismasi. Subirini hadi hapo nije nikukabidhi mwenyewe. Baba angetaka hivyo. Shemeji anamjua baba, atanielewa.

Kuhusu muziki hakuna la maana. Tunaimba nyimbo za mapenzi, kwa Kiingereza.

Kaka yako,
Léonard


Durban, 29 Machi 1999

Shemeji mpendwa Léonard,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako kwa Deborah imefika salama. Huwa nazifungua mimi kwanza, usiwe na shaka, ni kwa sababu mtoto wa jirani anapenda stempu za Ulaya na Deborah huzichana vibaya.

Ombi lako la kungoja Krismasi tumelijadili. Ni ombi la heshima. Lakini wewe uko mbali, huijui Durban. Mwanamke wa kigeni akikaa peke yake hapa anaweza kupatwa na lolote. Wenyeji wanasema tumekuja kula kazi zao, na wengine hawaishii kusema. Nimeona ni busara awe chini ya paa langu mapema. Nitamlinda, mradi na mimi niwe na amani.

Nimeusikia wimbo. Umeandika kwamba mnaimba kwa Kiingereza, labda umesahau. Mimi nilisimama nyuma yako kwenye kwaya ya marehemu baba yako Jumapili nyingi, sauti yako ninaijua hata ikiwa na ogani ya Wazungu. Umeimba vizuri. Lakini nimejiuliza, maneno yale uliyapata wapi? Deborah ananiambia siku ile ulikuwa Bujumbura. Nimefurahi sana kwamba ulikuwa Bujumbura. Mtu aliyekuwa Bujumbura hawezi kujua kilichotokea Uvira, anaweza kubuni tu, na anayebuni leo anaweza kubuni zaidi kesho.

Niandikie, shemeji. Niambie ulilala kwa nani kule Bujumbura.

Wako katika Kristo,
Pontien


Durban, 30 Machi 1999

Kaka Léo,

Naiweka hii ndani ya bahasha ya Pontien. Amesimama mlangoni na koti lake, ananingoja nimalize.

Kwanza wewe ni mchoyo. Eti nyimbo za mapenzi za Kiingereza. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, karibu na soko la Victoria Street, na Prodige, yule muuza kaseti, alikuwa ameweka spika nje. Taa ikageuka kijani, watu wakavuka, mimi nikabaki. Ilikuwa sauti yako. Sikushika maneno kwa ajili ya honi za taxi, lakini nilishika sauti, na ile namna yako ya kupanda juu kabisa halafu kuvunjika kidogo. Prodige anasema CD imeletwa na mtu kutoka Brussels, naye amenakili kaseti. Nikakimbia hadi dukani kumwambia Pontien.

Aliacha duka wazi akaenda. Kesho yake nilipokwenda kununua yangu, Prodige akacheka, akasema mchumba wako amezichukua zote, hata ile CD yenyewe. Pontien anasema ni zawadi za wageni siku ya harusi. Amezifungia kwenye kabati la dukani. Nimeomba moja tu nisikilize, anasema nitaharibu sherehe.

Na harusi yenyewe sasa ni tarehe 17 Aprili. Najua uliomba Krismasi, nisamehe. Anasema karatasi zangu zitakuwa rahisi tukiwa mume na mke.

Pontien hali chakula vizuri siku hizi. Jana aliniuliza tena habari za Bujumbura, ulikwenda na gari la nani, ulirudi lini. Nikasema sijui. Akauliza tena kwa sauti ile ile ya polepole, kama anayemuuliza mtoto. Sikuipenda. Labda ni woga wa bwana harusi. Mama Agathe anasema wote huwa hivyo.

Anakohoa mlangoni. Nafunga.

Deborah


Rotterdam, 9 Aprili 1999

Shemeji Pontien,

Nimepata barua yako leo na nakujibu leo.

Ndiyo, nilikuwa Bujumbura. Nililala kwa binamu wa mama, Gilbert, wa Buyenzi. Habari za nyumbani nilizipata kwa watu baada ya siku nyingi, na hakuna aliyenitajia mtu yeyote.

Wimbo si wangu. Maneno aliandika Mkongomani mmoja wa Brussels, mimi nililipwa kuimba. Sikuuliza maana yake. Huku tunaimba chochote tunachopewa. Ukipenda nitawaambia wasiuchapishe tena.

Wewe ni mtu wa nyumbani. Sina neno na wewe. Nakuomba ungoje Juni tu kama mlivyopanga mwanzo, ili niwatumie baraka zangu kwa maandishi, na kwaya ya kanisa letu hapa imwombee. Mtunze dada yangu. Sina mwingine.

Léonard


Durban, 24 Aprili 1999
Kwa mkono wa Ladislaus

Kaka,

Mtu wako alikuja jana. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja. Akauliza, “Deborah wa Mwalimu Libère ni nani hapa?” nikajua kabla hajaitoa bahasha kwamba si jambo jema, kwa sababu alikuwa anaangalia nyuma yake.

Nimeshaolewa. Jumamosi iliyopita.

Nilisomea nyuma ya pazia, tunapoweka nywele za bandia. Nilisoma mpaka kidole, nikarudi mwanzo, nikasoma tena. Halafu nikamaliza kichwa cha yule mama, kwa sababu alikuwa ameshalipia na nusu ya nywele zake ilikuwa imesimama. Sijui mikono yangu ilisuka nini. Baadaye Mama Agathe alifunga mlango, tukaweka kaseti yako kwenye redio ya saluni kwa sauti ndogo. Sasa maneno nimeyashika yote. Mama Agathe alikaa kwenye kiti cha wateja akajifunika uso na taulo.

Jioni nilirudi kwake. Ningekwenda wapi? Nikasonga ugali, nikapika samaki. Alinyoosha mkono kumega, nikautazama ule mkono. Akaniuliza, “Mbona huli?” Nikasema tumbo. Akasema, “Pole, mke wangu,” akanisogezea maji. Usiku ule nililala ukutani bila kugeuka, nikipumua kama anavyopumua aliyelala, na nilijua kwamba na yeye amejifanya amelala.

Ananipeleka kazini sasa, na kunifuata. Anasema ni kwa ajili ya wezi. Barua yako ya kuomba angoje Juni ilifika baada ya harusi. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaniuliza Gilbert wa Buyenzi ni nani. Nikasema ni ndugu yetu. Sikuwahi kumsikia mtu huyo maishani mwangu, lakini kwa namna alivyouliza nilijua lazima awepo. Na wakati huo sikuwa hata nimesoma ya Ladislaus. Mwili ulijua kabla ya kichwa.

Nitakimbia Jumatatu. Kuna mama wa Chatsworth, Ma Fathima, huleta sambusa saluni. Ni wa wale wanaoitwa Wazanzibari, babu zao waliletwa Durban zamani, halafu serikali ya makaburu ikawahamishia Chatsworth. Kiswahili chake ni cha bibi yake, kimechanganyika na Kimakua na Kizulu, lakini tunaelewana. Mama Agathe amemwambia kidogo tu. Akajibu, “Nyumba ina chumba, chumba kina mlango.” Nitatoka naye nikiwa nimebeba beseni lake kichwani na khanga yake usoni, Pontien akiwa dukani.

Anwani ya Chatsworth nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usiandike kwenye lile sanduku tena kamwe. Ladislaus ataiweka hii posta bandari watakayofikia, kwa sababu hapa naogopa hata kununua stempu.

Kaka, kwa nini ulimwandikia kwamba wimbo si wako? Ile barua niliitoa mfukoni mwake nikaisoma. Nimelia zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine.

Deborah


Chatsworth, 30 Mei 1999

Kaka Léo,

Niko hai na niko kwa Ma Fathima. Nakuandikia haya leo leo, kabla sijaanza kuyabadilisha kichwani.

Pontien alikuja asubuhi hii. Mwezi mzima nimekuwa nikisikia honi ya taxi chini ya mlima na kuingia chumbani. Leo sikusikia honi, alipanda kwa miguu. Mama Agathe hakumwambia kitu; nadhani alimfuata Ma Fathima kutoka saluni. Mimi nilikuwa naanika nguo, Ma Fathima anamwagilia mchicha kwa mpira. Geti lina kufuli. Nilipoinua macho alikuwa ameshika nondo za geti, amevaa suti ya harusi, na ilikuwa inampwaya.

Miguu ilikataa kukimbia. Nikasimama na shuka mkononi.

“Sikuja kukuchukua,” akasema. “Nimekuja kuuliza. Ni Léonard aliyekuwa darini?”

Kaka, mimi sikuwahi kumtajia dari. Na kwenye wimbo haimo. Nikasema, “Dari ipi?”

“Kulikuwa na mtu. Mbao zilikuwa zinashusha vumbi. Lilikuwa linaanguka juu ya meza ya baba yako, jembamba kama unga. Walikuwa wanne sebuleni, mmoja akawa anaangalia meza. Nikaenda nikasimama hapo. Vumbi likawa linaniangukia mimi kichwani. Nikaanza kukohoa ili wasisikie mbao.” Akajigusa utosi, kama bado lipo. “Sikujua ni nani. Nilidhani ni mmoja wa wale aliokuwa anawaficha. Nilipoisikia kaseti ndipo nikajua.”

Nikamuuliza, “Na mlango?”

Ma Fathima hakuwa anatutazama, lakini mpira wake ulikuwa unamwaga maji mahali pamoja tu.

“Nilikuwa na sabuni machoni, Debo. Mkono ulinyooka kabla sijafikiri.”

“Na ulipofikiri?”

“Ulikuwa umeshanyooka.”

“Ungewaonyesha mlango mwingine.”

“Mlango mwingine ulikuwa wangu,” akasema. “Na wa tatu ulikuwa wa mjane Valérie na watoto. Wangemkosa humo wangerudi kwangu.” Halafu akasema neno ambalo sikutegemea mwanaume atalisema akiwa amesimama barabarani mchana. “Niliogopa. Naogopa mpaka leo. Wewe unadhani ni wewe tu usiyelala?”

Nikamuuliza kwa nini alinioa. Akasema mwanzoni alitaka kumfanyia mtoto wa Mwalimu jambo jema moja. Halafu akanipenda, akasema hilo bila kuniangalia. Halafu akasikia kaseti. “Nikakutaka uwe ndani ya nyumba,” akasema, “kwa sababu ndugu yako asingesema jina langu wewe ukiwa ndani.”

“Kwa hiyo ningekaa kama dhamana.”

“Ndiyo,” akasema.

Nadhani hilo ndilo lililonipa miguu. Nilisogea mpaka getini, karibu kiasi cha kuona ndevu alizokosea kunyoa. Nikamwambia aondoke, na kwamba akirudi nitakwenda kwa kila Mkongomani wa Durban, kanisa kwa kanisa, na kaseti mkononi. Sikujua kama ningeweza. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akainamisha kichwa ili anisikie.

“Mwambie asilitaje jina,” akasema. Akangoja. Nilipolikagua kufuli akashuka mlima kwa miguu, na mara mbili akasimama kama amesahau njia.

Nikaketi chini pale pale kwenye maji, maana yalikuwa yamefurika kutoka kwenye mchicha mpaka getini. Ma Fathima akafunga bomba. Akasema, “Huyo ataondoka mji huu. Lakini kufuli libaki.”

Mama Agathe amenitumia ujumbe jioni hii. Duka la simu limefungwa, kabati la humo ndani limevunjwa mlango, na kaseti zimetapakaa kaunta nzima, utepe umechomolewa. Hakuna anayejua alikokwenda. Wengine wanasema Johannesburg, wengine Cape Town. Mimi kila kivuli kinachopita dirishani ni yeye.

Sasa nakuuliza wewe, maana mimi sikuwepo. Ni kweli alisimama hapo? Ni kweli alikohoa? Au ni hadithi aliyoitunga akipanda mlima? Nijibu ukweli, hata kama hautanipendeza. Umeshanidanganya mara moja kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniingiza nyumbani kwake.

Mdogo wako,
Deborah


Rotterdam, 12 Juni 1999

Debo,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za studio, na wenzangu wakaingia bila mimi. Nimekaa nayo siku mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuikana.

Ni kweli. Alisimama chini yangu. Nilikuwa naona kichwa chake na mabega yake, na vumbi lilikuwa jeupe kwenye shati lake la bluu. Goti langu lilikuwa linatetemeka juu ya ubao, sikuweza kulizuia. Na nilimsikia. Sikukuandikia hilo kwa sababu lilikuwa jambo baya kuliko kidole. Nilidhani anacheka. Wanamtoa mama, naye yuko pale anacheka. Miaka yote hii nimelisikia kama kicheko, na nilipokuwa naimba, pale unaposema sauti inavunjika, ni hicho ninachokisikia. Jana nilijilaza sakafuni nikakisikiliza tena kichwani, polepole. Kilikuwa kikohozi.

Mzee wa ogani aliniuliza kuna nini, nikamweleza kwa Kiholanzi changu kibovu. Ndiyo mara ya kwanza anajua alichokuwa anapiga. Akauliza kama nataka tubadilishe maneno. Nikasema hapana. Yote niliyoimba yalitokea. Akauliza kama nitaongeza la kikohozi. Nikasema sijui litaimbwaje. Wiki ijayo tunapiga kwenye ukumbi hapa mjini, na wimbo uko kwenye orodha. Nitauimba, na ni wangu, nimewaambia hivyo watu wa kampuni, na nisamehe kwa ile barua ya Aprili. Niliuza wimbo ili nikununue wewe, na hata hivyo nilichelewa.

Umeniomba ukweli, basi na huu ni ukweli. Kila hatua nikiisikia nyuma yangu hapa, kwenye tramu, kwenye korido, nageuka nikidhani ni yeye. Yuko bara jingine na bado namwogopa. Na nikipumua, napumua kwa sababu alisogea hatua moja akasimama kwenye vumbi. Siwezi kuyatenganisha haya mawili, na sidhani nitaweza.

Akija tena getini, akilia, akiwa mgonjwa, akiwa na suti yake, mwambie mimi ndiye niliyekuwa darini na kwamba nimesema ni kweli alikohoa. Mwambie kwa upole, ana haki ya kulisikia.

Kisha usimfungulie.

Kaka yako,
Léonard